Volkano Iliyokuwa Nyuma ya Mgongo Wetu

Kosa la siri huungamwa kwa padri na hapo hukwisha. Lakini kosa tunalotaka kuwasimulia leo hatukulitenda sirini. Tulilitenda mchana, mbele ya wanafunzi sitini na zaidi, kwa muda wa miaka kumi na mmoja, na tulilipwa mshahara kwa ajili yake, kila mara mshahara ulipofika. Kwa hiyo tumeona si vibaya kulieleza hapa, mbele ya wazazi wanaouza mbuzi na kipande cha shamba ili mtoto wao afike masomo makubwa.

Kazi yetu ni kufundisha jiografia katika shule kuu moja ya mji wa Goma. Tulianza mwaka 2003. Mwaka uliotangulia, tarehe 17 Januari 2002, mlima Nyiragongo ulikuwa umepasuka ubavuni, na mto wa moto ukashuka mpaka katikati ya mji. Ulifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukachoma kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha ukaingia ziwani. Watu zaidi ya laki moja walibaki bila nyumba. Tulipoingia darasani mara ya kwanza mawe yale yalikuwa bado meusi na makali, yakikata viatu. Wanafunzi wetu walikuwa wakikanyaga volkano ili waje kusoma habari za volkano.

Na tuliwasomesha nini? Tulikuwa na silabusi yetu ya kurasa 94. Tuliitunga kwa maandishi tuliyoandikishwa sisi wenyewe zamani na profesa wetu, naye alikuwa ameandikishwa na wake, Mzungu wa zamani. Humo Vesuvius ilikuwa na kurasa nne, pamoja na mji wa Pompeii ulivyofunikwa mwaka 79. Etna ilikuwa na kurasa mbili. Milima ya Hawaii ilikuwa na tatu na picha. Nyiragongo ilikuwa na mistari minane. Dirisha la chumba chetu lilitazama kaskazini, na asubuhi isiyo na mawingu mlima ulionekana wote, na moshi juu yake. Usiku mbingu ilikuwa nyekundu pale. Sisi tulisimama tukiupa mgongo. Tulisoma, wao wakaandika. Siku ya mtihani waliturudishia maneno yetu, nasi tukayahesabu kama mtu anayehesabu fedha alizokopesha.

Tena tuliiuza silabusi ile, kama wengi wafanyavyo. Tusiwalaumu walimu bure: mshahara ukichelewa miezi mitatu, silabusi ndiyo inayonunua unga. Lakini kitu kinachouzwa kila mwaka bila kubadilika huleta faida zaidi kuliko kitu kinachopaswa kuandikwa upya, na hapo ndipo uvivu wetu ulipopata sababu nzuri ya kujificha.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Sisi hatukuwa mtu asiyejua. Kwa ajili ya memwari yetu tulikuwa tumetembea vipindi viwili vya kiangazi kando ya Ziwa Kivu, kuanzia Himbi mpaka Bulengo, tukiwa na chombo cha kuazima, tukipima mazuku. Wasomaji wa Goma na Sake hawahitaji maelezo ya neno hilo. Kwa wengine tuseme hivi. Chini ya mawe ya zamani ya volkano kuna nyufa, na katika nyufa hizo hupanda gesi ya karboni, ile wenye elimu waiandikayo CO2. Haina rangi wala harufu. Uzito wake ni kama mara moja na nusu ya uzito wa hewa, basi haipandi juu, bali hutiririka kama maji na kujaa katika mabonde madogo na mashimo. Usiku usio na upepo hujaa. Jua likipanda na upepo ukivuma, hutawanyika. Katika hewa tunayovuta gesi hiyo ni sehemu nne tu katika sehemu elfu kumi. Ikifika sehemu 10 katika 100, mtu huzimia kwa dakika chache. Na kando ya ziwa letu yako mashimo ambamo imepimwa zaidi ya sehemu 50 katika 100. Mtu mzima aliyesimama huenda akapita salama, na mtoto aliye naye akaanguka, kwa sababu pua ya mtoto iko chini.

Hayo yote tuliyaandika. Walimu waliotusikiliza walitusifu, wakatupa cheo, na memwari ikawekwa kabatini. Haikuingia darasani hata siku moja. Tukiulizwa kwa nini, jibu letu la kweli ni kwamba hatukuwaza kabisa kwamba inaweza kuingia. Utafiti ulikuwa kwa ajili ya cheo na kwa ajili ya wageni wanaokuja na magari. Somo lilikuwa kwa ajili ya mtihani. Vilikuwa vyumba viwili vya nyumba moja, na hatukuwahi kufungua mlango wa katikati.

Mlango ulifunguliwa na msiba. Ilikuwa mwaka 2014, mvua za mwezi wa kumi zikiwa zimeanza. Tulikuwa na mwanafunzi mmoja, binti mwenye bidii, aliyetoka upande wa barabara ya Sake. Katika mtihani wa mwezi wa saba tuliuliza: eleza gesi zinazotoka katika volkano. Alieleza yote, hata namba, hata uzito wa gesi ya karboni kupita hewa. Tulimpa 18 kwa 20. Basi asubuhi moja akatujia mwenzake, akasema mdogo wa yule binti, mtoto wa miaka tisa, amekufa. Alikuwa ametumwa alfajiri kukata majani ya sungura katika bonde dogo nyuma ya nyumba. Walimkuta amelala juu ya majani yake, hana jeraha, kama aliyesinzia.

Tulikwenda kwenye maziko pamoja na wanafunzi wengine. Baada ya sala, Baba Padri akiwa amekwisha ondoka, maneno ya pembeni yakaanza. Kulikuwa na mama mjane katika jirani ile, mtu wa ugomvi kidogo, aliyewahi kumkaripia mtoto kwa sababu ya sungura kula maharagwe yake. Wazee wakasema: mtoto mzima hafi bila mkono wa mtu. Vijana wakaanza kuuliza nyumba ya mjane ni ipi, na hali walikuwa wakiijua tangu kuzaliwa kwao. Nasi tukamtazama binti yetu wa 18 kwa 20. Alikuwa amekaa chini kati ya shangazi zake, akiitikia kwa kichwa.

Tukamwita kando. Tukamwuliza: “Binti, ndugu yako amekufa kwa nini?”

Akajibu: “Mwalimu, wanasema ni mazuku. Na mazuku hutumwa.”

“Na gesi ya karboni je?”

Akatutazama kwa mshangao wa kweli. “Ile ya silabusi? Ile si ya Italia?”

Wasomaji, tumehukumiwa mara nyingi katika maisha yetu, lakini hatujapata hukumu iliyo fupi na ya haki kama ile. Alikuwa na haki kabisa. Katika kurasa 94 neno mazuku halikuwamo. Wataalamu wa nchi za mbali wanalitumia neno hilo katika vitabu vyao, wamelichukua katika kinywa cha watu wa Goma. Na mwalimu wa Goma, aliyelipima kwa mikono yake, hakulitia katika somo lake. Tulimfundisha gesi bila kumfundisha bonde lililo nyuma ya nyumba yao.

Jioni ile tulimwomba Baba Padri na katekista watusindikize. Kesho yake mapema, kabla upepo haujaanza, tulikwenda na wazee wanne, tukasimama juu ya ukingo wa bonde. Tulifunga mshumaa unaowaka kwenye ncha ya mti mrefu, tukaushusha polepole. Ulipokaribia majani ukazimika. Tukauwasha tena, tukaushusha, ukazimika mahali palepale, kana kwamba tumeutia katika maji. Katekista akatuonyesha kwa kidole ndege wawili wadogo waliokufa, na panya. Tukasema: hawa nao wamerogwa na mjane? Wamekula maharagwe ya nani?

Tungependa kuandika kwamba wote walisadiki. Wawili walisadiki. Wa tatu alinyamaza. Wa nne alisema kwamba pepo anayezima mshumaa ni pepo mwenye nguvu kweli. Na yule mama alikuwa amekwisha kimbia usiku ule na kifurushi chake kwa binti yake. Paa la nyumba yake lilikuwa limekwisha ng’olewa. Alirudi baada ya mwaka na nusu. Sisi tulifika na mshumaa siku moja nyuma, tena tuseme kweli, tulichelewa miaka kumi na mmoja.

Tangu hapo tulianza kufundisha kwa namna nyingine, bila kujua vizuri namna gani. Tuliitoa memwari kabatini, tukaisoma darasani, si kama kitabu kilichokwisha bali kama kazi iliyobaki njiani. Tuliwaonyesha ramani yetu, tukawaambia: hapa tulipima, hapa hatukupima, hapa tuliona haya kumsumbua mwenye shamba. Kila mwanafunzi akachagua mahali karibu na kwao. Tuliweka sheria, na sheria hizi hatukuzichezea: hakuna kwenda peke yako, hakuna kushuka bondeni, hakuna kuinama, mti uwe mrefu, na wewe usimame juu, upande upepo unakotoka. Tena mshumaa ukiwaka si ruhusa ya kuingia, maana hewa inaweza kumdhuru mtu kabla haijafika kiasi cha kuzima moto. Waliandika saa, upepo, mvua, hali ya majani. Na waliwauliza wazee wa pale: ni wapi mbuzi hukataa kwenda? Ni wapi mlikatazwa kucheza mlipokuwa watoto?

Swali hilo la mwisho ndilo lililotuaibisha mara ya pili, lakini aibu hii ilikuwa tamu. Kijana mmoja wa Himbi alirudi akasema kwamba bibi mmoja amecheka sana alipoiona ramani yetu. Mahali pamoja tulipokuwa tumepaandika salama, bibi alisema pamekwisha ua mbwa wake wawili. Tulimjibu kijana kwa ukali kidogo kwamba tulipima pale kwa chombo, si kwa mbwa. Yeye hakubishana. Alifungua daftari yetu ya zamani, akatuonyesha saa tuliyoiandika wenyewe: saa sita ya mchana, upepo wa ziwa unavuma. Kisha akaenda pale na wenzake wawili alfajiri, wakasimama juu ya mwamba, mshumaa ukazimika. Tulifuta neno “salama” kwa wino mwekundu mbele ya darasa zima. Kwa miaka kumi na mmoja hatukuwa tumesahihishwa na mwanafunzi hata mara moja. Na sasa tunaelewa kwamba haikuwa kwa sababu hatukukosea.

Wako watu watakaosema: basi kila mtafiti ni mwalimu mzuri. La. Mwaka 1996 wataalamu wawili, John Hattie na Herbert Marsh, walikusanya uchunguzi 58 uliofanywa katika vyuo vikuu, wakilinganisha sifa ya mtu katika kutafiti na sifa yake katika kufundisha. Walikuta kwamba mambo hayo mawili karibu hayana uhusiano. Tuliposoma hayo hatukustaajabu. Tulikuwa sisi wenyewe ushahidi. Na Kardinali Newman, aliyetangazwa mtakatifu mwaka 2019, katika mafundisho yake ya Dublin juu ya chuo kikuu alikwisha kusema kwamba kuvumbua na kufundisha ni vipaji mbalimbali, visivyopatikana mara nyingi katika mtu mmoja. Hatuwezi kushindana na mtakatifu. Lakini twaona kwamba yeye alifikiri habari ya mvumbuzi anayefungiwa chumbani mwake bila watu. Hakuwa na sitini wenye miti mirefu na mishumaa.

Kanisa lenyewe halikutenga mambo haya katika hati ya Papa Yohane Paulo II ya tarehe 15 Agosti 1990, juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki. Utafiti na mafundisho vimewekwa pamoja humo. Na hapa Kongo tulikuwa na mfano kabla ya hapo. Lovanium ilipofunguliwa mwaka 1954 karibu na mji uitwao leo Kinshasa, rekta wake Monsinyori Luc Gillon alikuwa padri na mwanafizikia. Mwaka 1959 chuo kile kilikuwa na mtambo wa atomu wa uchunguzi, wa kwanza katika Afrika. Wengine walisema, na bado wanasema, kwamba ilikuwa fahari tupu katika nchi yenye njaa ya walimu wa kawaida. Labda pana ukweli. Sisi twasema tu kwamba mshumaa hauhitaji mtambo, na kwamba shule isiyo na fedha haikosi kitu cha kutafiti. Yetu ilikuwa nacho dirishani.

Gharama iko, tusiwadanganye. Silabusi yetu mpya haiuziki vizuri, maana kila mwaka kurasa kumi au kumi na tano hubadilika, na mdogo hawezi kutumia ile ya kaka yake. Wazazi wengine wamekuja kutulalamikia, nao hawakukosea. Tuliamua kugawa bure zile kurasa mpya. Mama wa nyumbani kwetu alilipokea jambo hilo kwa uvumilivu wa Kikristo, lakini si kwa kimya. Mitihani nayo huchukua muda wa mara mbili kuisahihisha, kwa sababu majibu hayafanani tena. Na walio hodari wa kukariri walipoteza nafasi zao za kwanza, wakanung’unika sana.

Tena Nyiragongo ina kurasa ishirini sasa. Tumetia ndani habari za tarehe 10 Januari 1977, ziwa la moto lilipomwagika lote kwa muda usiotimia saa moja. Tumetia na habari za mtaalamu wa Goma, Dieudonné Wafula, aliyekuwa ametoa onyo kabla ya mwezi ule wa Januari 2002. Vesuvius tumeiachia ukurasa mmoja. Watu wa Pompeii watusamehe.

Kisha ikaja tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni. Mlima ulipasuka tena, moto ukasimama karibu na kiwanja cha ndege, katika Buhene. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tarehe 27 serikali ikaamuru sehemu kubwa ya mji ihamishwe. Maelfu kwa maelfu walishika barabara ya Sake, na magodoro kichwani, na mizigo juu ya chukudu, na watoto. Usiku ulipoingia walitafuta mahali pa kulala, na mtu mwenye baridi hutafuta bonde, mahali pasipo upepo. Ndiyo barabara ya mazuku yenyewe. Sisi tulikuwa tumekwenda upande mwingine na familia yetu, hatukufanya neno lolote la kusifiwa. Lakini wanafunzi wetu watano au sita wa zamani walikuwa kwenye barabara ile, na ramani ilikuwa katika simu zao. Walipita kati ya watu wakisema: hapa msilale, pandeni pale juu. Watu waliwatukana, maana mahali pa juu palikuwa na mawe na upepo. Mmoja wao alimwambia mzee mmoja kwamba yeye ni mtu wa chuo kikuu, mzee akamjibu kwamba chuo kikuu hakijui baridi. Hapo kijana akawasha mshumaa. Mzee aliutazama ukizimika, akamwamsha mke wake, wakahama na godoro lao, na familia nyingine tatu nyuma yao.

Tangu Januari 2025, mji ulipoingiwa na vita, darasa letu halijatoka tena kwenda mabondeni. Vijana wenye miti mirefu na ramani wanaweza kudhaniwa kitu kingine, na hatuna haki ya kuhatarisha mtoto wa mtu kwa ajili ya namba. Tunafanya kazi na daftari za miaka iliyopita, tukilinganisha, na makosa yetu ya zamani bado hayajatuishia.

Yule binti ni mwalimu siku hizi, katika shule ya sekondari upande wa Minova. Mwezi uliopita ametuandikia kuomba ramani mpya. Tumemtumia. Ameirudisha baada ya juma mbili, na marekebisho mawili kwa wino mwekundu.